Mwaka Mirihi Iliporudi Nyuma

Mwaka wa hamsini na sita nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya nyumba ya fundi mmoja wa cherehani, katika mtaa wa Waislamu mjini Nakuru. Sanduku langu lilikaa humo kuliko mimi. Nilikuwa taniboi wa lori la viazi, mtu wa kupakia, kupakua na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu lori linapokwama mlimani. Kabla ya hapo nilichuma pareto Molo, nikakama ng'ombe kwenye shamba la mzungu Ndabibi, nikabeba mawe Gilgil, na hakuna mahali nilipokaa hadi watu wakazoea sura yangu. Shule niliiacha darasa la tano, baada ya mwalimu kunichapa kwa kuuliza kwa nini mwezi unaonekana mchana. Sikuacha kuuliza. Niliacha kuchapwa tu.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa asili ya pwani ambaye bahari hakuwahi kuiona. Baba yake alikuja na reli, reli ikaendelea mbele, yeye akabaki, na mtoto akazaliwa katika vumbi la Nakuru. Alishona kanzu na kofia barazani mwa duka la Mhindi, lakini watu hawakumjia kwa ajili ya kanzu peke yake. Alikuwa na elimu ya nyota, aliyofundishwa na baba yake. Mtu akitaka kusafiri, kuposa au kufungua duka, alikuja jioni akaketi mkekani. Fundi alitandaza kipande cha kitambaa cheusi, akachukua chaki ileile ya kuchorea nguo, akaandika herufi za jina la mtu huyo na za jina la mama yake. Kila herufi ya Kiarabu ina idadi yake. Alijumlisha, akatoa kumi na mbili, akatoa tena kumi na mbili, mpaka ikabaki isiyotoka, na hiyo iliyobaki ndiyo nyota ya mtu. Akimaliza alikikung'uta kitambaa, vumbi jeupe likaruka, na mtu akaondoka akijua kama aende au akae.

Mkewe alikuwa wa upande wetu wa magharibi, binti ya mfanyakazi wa reli. Aliingia Uislamu siku ya kuolewa, akapewa jina jipya. Kiswahili chake kilikuwa kama changu, cha bara, na mimi aliniita kaka kwa sababu lugha za kwetu zinasikilizana. Hawakujaliwa mtoto. Alipenda kumchokoza mumewe mbele za watu.

"Huyu mzee," alikuwa akisema, "anajua kila nyota inalala wapi. Kiatu chake cha kushoto kikipotea, ananiuliza mimi."

Fundi alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Baada ya mvua za masika mkewe alipata uvimbe kwenye titi. Aliuficha, kisha ukawa haufichiki. Alikwenda hospitali ya mjini, daktari akamshika mara moja tu, akamwambia aende Nairobi akakatwe, na asikawie. Alirudi nyumbani amejifunga leso kiunoni kama mtu anayekwenda shamba.

"Nimeambiwa nisikawie," alimwambia mumewe. "Nguo za safari nimeshaloweka."

Fundi alitandaza kitambaa. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa chumba changu nikishona gunia, na nilimwona akihesabu, akifuta, akihesabu tena. Nilikuwa sijawahi kumwona akirudia hesabu.

"Wewe ni Akrabu, nyota ya nge," alisema mwishowe. "Na anayeitawala Akrabu ni Mirihi. Mirihi ni nyota ya chuma na damu. Sasa hivi imo katika rujuu."

"Rujuu ni nini?" niliuliza. Sikuweza kujizuia.

"Inarudi nyuma, kijana. Nyota hizi zinazotembea zina siku za kwenda na siku za kurudi. Mtu akiingia kwenye kisu na nyota yake imempa mgongo, atasimamiwa na nani?"

"Mpaka lini?" mkewe aliuliza.

"Mpaka isimame, igeuke, ishike njia yake. Miezi miwili hivi."

"Na huu uvimbe umeshauambia ungoje?"

Alisema kwa ile sauti yake ya utani, lakini hakuna aliyecheka. Fundi alikung'uta kitambaa. Sikumwona kama mtu mkaidi. Alikuwa na mke mmoja, hakuwa na mtoto wala ndugu, na alijua njia moja tu ya kumlinda.

Jioni ile nilitoka nje kuitafuta hiyo Mirihi. Haikuwa kazi. Mwaka ule ilikuwa kubwa na nyekundu kama kaa la moto, ikipanda upande wa Bahati, na watu mjini walikuwa wanaogopa kuizungumzia kwa sauti. Walikuwa na mengine mengi ya kuogopa, ilikuwa Hali ya Hatari bado. Vyumba vya Wakikuyu mtaani petu vilikuwa vitupu, wenyewe wamepelekwa wasikotaka, na nyota nyekundu kichwani iliwakalia watu vibaya. Mimi nilichagua nyota tatu ndogo zilizokaa pamoja karibu nayo, kama mawe ya meko, nikawa nazitazama kila jioni niliyolala Nakuru. Nilitaka kuona kwamba fundi anadanganya, au anajidanganya. Lakini jinsi siku zilivyokwenda, Mirihi ilizisogelea zile tatu kutoka mashariki, ikazifikia, ikaanza kuzipita kuelekea magharibi, njia isiyokuwa yake. Fundi alisema kweli. Nyota ilikuwa inarudi, na mtu yeyote mwenye macho angeona.

Jibu nililipata barabarani. Kwenye kibanda kimoja pale Mai Mahiu niliuziwa chumvi iliyofungwa kwa karatasi ya gazeti la Kiingereza, na kwenye karatasi ile palikuwa na habari za Mirihi, pamoja na mchoro wa duara mbili, moja ndani ya nyingine. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano. Niliuelewa mchoro nusu, nikaukunja mfukoni. Tulikuwa tunarudi Nakuru lori likiwa tupu, na tulipokuwa tunapita Longonot tukalikuta lori la saruji likijikokota mbele yetu. Dereva wangu akalipita. Mimi nilikuwa nimekaa juu, nikilitazama. Lile lori lilikuwa linakwenda mbele, magurudumu nayaona yanazunguka, dereva wake anatutukana, lakini ukilipima na ule mlima kwa nyuma lilikuwa linarudi. Liliteleza kinyumenyume ubavuni mwa Longonot mpaka tukaliacha.

Nilipiga paa la lori kwa furaha. Dereva akasimama akidhani nimeanguka.

"Umeumwa na nini?"

"Hairudi!" nilimwambia. "Ni sisi tunaipita!"

"Shuka uweke maji kwenye rejeta," alisema, "kabla sijakupita wewe."

Dunia ndiyo lile lori tupu, kwenye duara la ndani, yenye mbio. Mirihi iko nje, nzito, inakwenda polepole. Ikifika wakati dunia inaipita, macho yetu yanaiona ikirudi. Haijageuka. Haijampa mtu mgongo. Nilifika Nakuru nikiwa na hakika kwamba nimeokoa maisha ya mtu.

Alasiri ya kesho yake nilimwomba fundi aje uani. Palikuwa na kamba ndefu ya nguo, na kwenye kamba kanzu za wateja zimeanikwa. Nilisema kanzu zile ni nyota zilizokaa mahali pamoja. Nikaweka jiko katikati ya ua, nikasema hilo ni jua. Mkewe nikamweka mbali, karibu na kamba, na jina lake kwa sasa ni Mirihi. Fundi mwenyewe alikuwa dunia, karibu na jiko.

Jirani yetu mmoja, mama mwuza mahamri, alikuwa anatuangalia kutoka dirishani kwake. "Fundi," aliita, "leo umeacha kushona unacheza kibe kama mtoto?"

"Nimegeuzwa dunia, mama! Nyamaza nizunguke."

"Basi zunguka uzuri, sisi sote tuko mgongoni kwako!"

Mkewe alicheka mpaka akashika ubavu. Nikawaambia waende, wote upande mmoja kuzunguka jiko, mke polepole, mume haraka, na mume asiondoe macho kwa mke na kanzu zilizo nyuma yake. Walikwenda. Mwanzoni mke alikuwa anazipita kanzu moja baada ya nyingine, mbele. Fundi akamkaribia, akawa sambamba naye, na hapo akasimama ghafla.

"Unarudi!" alisema.

"Sirudi, mzee. Natembea mbele, tazama miguu yangu."

"Ulikuwa kwenye kanzu ya imamu. Sasa uko kwenye kanzu fupi."

"Mimi sijarudi hata hatua."

Akarudia mwenyewe, mara ya pili na ya tatu, kwa mwendo wa mtu anayepima nguo ya gharama. Mkewe alianza kuhema, akasimama ameegemea nguzo ya kamba. Fundi alitazama kanzu, akamtazama yeye, akatazama jiko.

"Kumbe ni mimi ninayempita," alisema taratibu.

"Ndiyo, mzee," nilisema. "Haijarudi kamwe. Ni macho tu."

Alikaa kwenye kibao cha kukunia nazi. Nilingoja aseme tufunge mizigo.

"Umenionyesha kitu kizuri," alisema. "Baba yangu angekupenda. Lakini kijana, mwezi nao ni macho tu? Tunafunga kwa kuuona, tunafungua kwa kuuona. Hatufungi kwa ulivyo huko ulipo, tunafunga kwa unavyoonekana hapa. Nyota inafanya kazi kwa mtu pale mtu anapoiona." Alimwangalia mkewe kwenye nguzo. "Na kama ni mimi ninayemwacha nyuma, hiyo imekuwa afadhali?"

Karatasi yangu ya chumvi haikufika huko.

Jioni hiyo mkewe alikuwa anapika na mimi nikimchochelea moto, maana kuinama kulikuwa kunamuuma. Fundi alikuwa msikitini. Akaanza kuzungumza kwa lugha ya kwao, jambo ambalo alikuwa halifanyi humo ndani.

"Kaka, hiyo Akrabu si yangu."

"Vipi?"

"Alinihesabia kwa jina alilonipa yeye. Na mama yangu hakuuliza anaitwa nani. Kwao, mama asiye Mwislamu hawamwingizi kwenye hesabu, wanaweka Hawa, mama wa watu wote. Mimi mama yangu si Hawa. Mama yangu ana jina, mimi nina jina nililopewa siku mvua ya mawe ilipovunja mahindi. Hayo hajawahi kuyahesabu."

"Mwambie!"

"Nitamwambia. Naogopa, lakini nitamwambia. Nataka kwenda nikakatwe, kaka. Sitaki kufa."

Hivyo ndivyo alivyosema, kwa maneno hayohayo, huku akigeuza chapati.

Alimwambia fundi usiku huohuo wakila, mimi nikiwepo. Alitaja jina lake la kwanza na jina la mama yake. Fundi aliyarudia mdomoni, hayakumkaa vizuri. Alinawa mikono kabla hajamaliza chakula, akaleta kitambaa na chaki. Majina yetu hayakuumbiwa herufi zile, na ilimbidi kukata shauri kila sauti iandikwe vipi. Alihesabu. Nilimwona akinyanyua uso na ukawa uso wa kijana.

"Mizani," alisema. "Mwenye Mizani ni Zuhura. Na Zuhura haina rujuu sasa, inakwenda sawa. Njia iko wazi, bibi. Njia iko wazi!"

Mkewe alifunika uso kwa leso. Nilidhani yamekwisha. Ningetoka wakati ule ningekuwa na usiku mmoja wa furaha.

Lakini mkono wa mtu aliyezoea kazi hausubiri kuambiwa. Chaki ilikuwa bado mkononi, na majina yalikuwa bado kwenye kitambaa, na fundi akaandika la kwake kando, kama alivyofanya kwa mamia ya waposaji. Akajumlisha yake na yale mapya. Akatoa, akatoa. Kisha akakung'uta kitambaa kwa haraka sana.

Mkewe alikuwa ameondoa leso usoni.

"Umebakiza ngapi?"

"Nzuri."

"Mzee, nimekufulia kitambaa hicho tangu uliponileta humu ndani. Najua ngapi ni ya wanaokaa pamoja na ngapi ni ya wasiokaa. Umebakiza ngapi?"

Fundi alianza kukunja kitambaa. Alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo mara mbili mfululizo.

"Hawakai," alisema mkewe. "Ndivyo ilivyotoka. Watu hawa hawakai, na mtoto hawapati."

"Ni hesabu tu, dada," niliingilia. "Wewe nenda Nairobi."

"Ndoa nayo ni hesabu tu, kaka? Maana hii yetu ilihesabiwa kwa jina lile lingine. Ikatoka nzuri, mashehe wakala pilau." Alimgeukia mumewe, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Nikienda kwa Zuhura, naenda nikiwa nani? Yule wa Zuhura hukumwoa."

"Mimi nimekuoa wewe," fundi alisema. "Twende. Mimi nasema twende."

"Ulisema mwezi unafungwa kwa kuonekana. Umenionaje miaka yote hii?"

"Kama mke wangu."

"Basi mimi ni Akrabu."

Fundi aliomba. Nilikuwa sijawahi kusikia mwanamume wa umri ule akimwomba mkewe mbele ya mtu mwingine, na nikatoka nje nisisikie zaidi. Siku zilizofuata nilijaribu na mimi. Nilimwambia mkewe hayo yote ni chaki na vumbi, kwamba kule nje hakuna Akrabu wala Mizani, kuna mawe makubwa yanayozunguka jua. Alinisikiliza kwa upole kama mtu anayesikiliza habari za nchi asiyokusudia kwenda.

"Wewe huna mahali unapokaa," aliniambia. "Huwezi kujua mtu anashikilia nini." Kisha, kwa utani wake wa zamani: "Nitangoja nyota yangu igeuke kama watu wengine. Si umesema inakwenda mbele wakati wote?"

Tukangoja. Fundi alikuwa anatoka kila jioni kuitazama Mirihi, na mimi nikiwepo Nakuru nilisimama naye. Hatukuzungumza. Ile nyota ilipungua mwanga, ikazidi kuziacha zile tatu ndogo, ikakawia mahali pamoja hata nikadhani imekwama. Ndani, mkewe aliacha kupika, halafu akaacha kukaa uani. Mwuza mahamri alikuja kumwogesha. Mwezi wa kumi ukiwa umeingia katikati, fundi alinishika bega kwa nguvu.

"Imegeuka," alisema.

Ilikuwa imegeuka kweli, upana wa kidole tu.

Niliwasindikiza stesheni. Askari walimulika pasi zetu moja moja, wakamwambia mke wa fundi afunue uso, wakamwacha haraka walipomwona. Kwenye behewa la daraja la tatu fundi alimtandikia kanzu za wateja ambazo hazijachukuliwa, akamlaza juu yazo.

Walirudi mapema kuliko nilivyotarajia. Nilijua mambo yameharibika nilipoona kwamba mkewe hakuwa na bendeji kubwa.

"Wamenifungua wakanifunga," aliniambia, "kama gunia la viazi vilivyooza. Hawakutoa kitu." Nilimwuliza daktari wa Nairobi alisema nini kuhusu kukawia. "Hakusema. Mzee alimwuliza mara tatu kama tungekuja mapema. Alikuwa anaosha mikono."

Alikufa mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha. Makaburini wale wa mbele walipomaliza kufukia, msomaji alichuchumaa kwenye kichwa cha kaburi kumsomea maiti maneno ya mwisho, na kwa desturi yao maiti huitwa kwa jina lake na la mama yake. Akauliza jina la mama. Fundi akalitaja lile la kwetu. Msomaji akamtaka arudie, halikuwa jina alilolitambua. Fundi akarudia, kwa sauti, na jina la mkewe la kwanza akaliweka mbele yake. Watu walitazamana. Mimi nilitazama matope.

Wateja hawakuacha kuja. Alikuja mtu wa Kihoto, kule Naivasha, aliyetaka kujua siku ya kwenda kuposa. Fundi hakutandaza kitambaa.

"Nenda leo," alisema.

"Hujaniuliza jina, fundi."

"Nenda leo. Basi liko."

Alikuja mwenye duka, akaambiwa afungue leo. Alikuja mama aliyetaka kumpeleka mtoto kutahiriwa, akaambiwa leo. Ikawa hivyo kwa kila mtu. Baadhi waliudhika, wengine walimhurumia, na baada ya muda mfupi wakaanza kumwendea mhesabu mwingine nyuma ya soko, ambaye aliwaambia wangoje. Fundi alibaki na cherehani.

Nilikuwa nimeshapata dereva mwingine, wa kwenda Kitale, na sanduku langu lilikuwa mlangoni. Nilipitia barazani kumuaga. Alikuwa ameshika sindano, anatarizi kofia.

"Ulisema hairudi," aliniambia.

"Nilisema, mzee."

"Na niliona kwa macho yangu, pale uani. Haikurudi hata hatua."

"Haikurudi."

"Basi tulikuwa tunangoja nini?"

Nilikuwa na maneno mengi juu ya jua na dunia. Yeye alingoja, kweli alingoja, uso ameniinulia, sindano imesimama hewani, mpaka mteja akaja kuchukua kanzu yake na ikabidi amhudumie.